Nani Atamtandikia Mefiboshethi Punda?

Fungueni Samweli wa Pili, na vidole viwe vitatu: mlango wa 9, wa 16 na wa 19. Tumezoea kuhubiri ule wa 9 peke yake. Mefiboshethi anatolewa Lo-debari, anaketishwa mezani pa mfalme Daudi, kwaya inasimama, sadaka inapita, tunakwenda nyumbani kula wali. Leo hatutoki mapema hivyo. Leo tuione ile meza ilivyopinduka, maana mama mwenye mtoto wa usonji au wa mtindio wa ubongo hapa Kilifi angeielewa milango miwili ya mwisho kabla sijamaliza kuisoma.

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari zilipofika kutoka Yezreeli kwamba babu yake Sauli na baba yake Yonathani wameuawa vitani. Yaya akamnyakua akatoka mbio, na katika zile mbio mtoto akaanguka, miguu ikalemaa. Basi. Hakuna laana iliyoandikwa hapo, hakuna jini, hakuna kosa la bibi mzaa mama. Aliangushwa na mtu aliyempenda, katika haraka ya siku mbaya. Na Bwana wetu, wanafunzi walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa wakamuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi. Swali lile lilijibiwa miaka elfu mbili iliyopita, na bado tunaliuliza kila Jumapili nyuma ya kanisa, mikono tumeiweka mdomoni.

Nalisema hili nikiwa mdeni. Miaka iliyopita mama mmoja wa kanisa letu aliniletea mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Hasemi, akiitwa hageuki, anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi jikoni, na ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Nikamwekea mikono. Nikamwambia mama hicho ni kifungo, afunge siku tatu. Alifunga saba. Nikamwambia imani yake ichimbe zaidi. Akachimba, mama wa watu, akakonda, na mtoto akafika miaka saba bila kupimwa na yeyote, huku kila wiki nikipita mbele ya ofisi ya elimu ambako kibao kilikuwa kimesimama ukutani: kituo cha tathmini, EARC. Vituo hivyo vilianzishwa Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ili vimpime mtoto na kumweleza mzazi ni shule gani na msaada gani unaomfaa. Mwaka 1986 ikafunguliwa KISE, chuo cha elimu maalumu kule Kasarani, Nairobi. Miaka yote hiyo! Nami nilikuwa na stashahada ya theolojia iliyotiwa fremu, na kibao sikukisoma. Yule yaya alimwangusha mtoto mara moja, kwa bahati mbaya. Mimi nilimwangusha huyu kwa miaka minne, nikiwa nimevaa joho.

Sasa mlango wa 16. Absalomu amemwasi baba yake, Daudi anaukimbia mji, serikali yote iko barabarani. Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli, aliyekabidhiwa mashamba ya Mefiboshethi ayalime, anamfuata mfalme na punda wawili, na Andiko halikusahau kutaja kwamba wametandikwa. Juu yao kuna mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya kiangazi na kiriba cha divai. Mfalme anamuuliza aliko bwana wake. Siba anajibu kwamba amebaki Yerusalemu, anangoja arudishiwe ufalme wa babu yake. Na Daudi, mfalme mwema yuleyule wa mlango wa 9, palepale njiani, bila shahidi, bila kumwita mhusika, anatamka kwamba mali yote ya Mefiboshethi sasa ni ya Siba.

Sentensi moja! Haki ya mtu mwenye ulemavu imefutwa kwa sentensi moja, na mwenyewe hakuwapo. Kwa nini hakuwapo? Anaeleza mwenyewe katika mlango wa 19, amekuja na ndevu hazijakatwa na nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka: nilitaka nitandikiwe punda nije, kwa sababu miguu hainichukui, na mtumishi wangu akanidanganya. Andiko halisemi, lakini mimi naamini wale punda wawili waliotandikwa walikuwa usafiri wake. Siba aliondoka nao.

Mliokaa Lamu mnajua kumtandika punda. Ni kusimama kwa miguu miwili, kumshika, kumtupia tandiko, kuinama chini ya tumbo lake na kukaza mkanda naye anacheza. Kwa mzima ni kazi ya dakika chache. Kwa asiyeweza kusimama ni ukuta. Mfalme alitoa meza, shamba na watumishi, na vyote vikakwama kwenye mkanda mmoja ambao hakuna aliyeukaza. Hapo ndipo mahubiri yangu yote yalipo, na anayetaka kutoka sasa ametoka na kiini chake.

Ndugu zangu, serikali yetu nayo imo safarini. Tarehe 1 Oktoba 2024 ile bima ya afya ya NHIF ya tangu 1966 ilitupa mkono, ikaingia SHA. Aliyekuwa akilipa 500 kwa mwezi bila maswali sasa anaulizwa maswali kwanza, kisha anapewa hesabu yake: asilimia 2.75 ya kipato, na haishuki chini ya 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara anatakiwa alipe ya mwaka kwa pamoja. Mei 2025 ikatiwa sahihi Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, ikaizika ile ya 2003. Shuleni mtaala wa umilisi umekuja na njia mbili, na moja ni ya watoto wanaopanda kwa hatua wanazozimudu badala ya kwa umri. Usajili wa ulemavu, uliokuwa wa karatasi na mhuri, umehamia mtandaoni. Mengine katika haya ni mema kabisa, na sikuja kuitukana SHA madhabahuni; wanasiasa wanaifanya kazi hiyo kwa bidii na wanalipwa. Ninachosema ni kwamba mfalme akihama, hata kama anahamia pazuri, anayeachwa mjini ni yule asiye na punda. Mama anayemlisha mtoto wa miaka tisa kwa kijiko, saa nzima kwa bakuli moja la uji, hana wakati wa kusoma gazeti la serikali.

Acheni niwaoneshe kitu kidogo. Mtoto anahitaji picha ya pasipoti ya kubandikwa kwenye fomu. Nilikwenda studio na mama na binti yake wa miaka sita mwenye usonji. Mpiga picha akasema, mtoto atazame hapa. Mtoto hatazami hapa. Anatazama feni. Taa ya kamera ikamulika, binti akajifunika uso, akaanza kujigonga paji la uso kwa kiganja. Tukatoka nje. Tukarudi. Shuka nyeupe ya ukutani ikaonekana inamtisha, akakimbilia chini ya kaunta. Wateja wawili nyuma yetu wakaanza kuguna, mmoja akauliza kama mtoto hafunzwi adabu nyumbani. Mara ya nne mama akavua leso yake, akamfunika binti mabegani, akakaa sakafuni chini ya kamera na kuanza kuimba polepole wimbo wa kumlaza, ule wa kila usiku. Binti akainamisha macho kumtafuta mama. Mpiga picha, Mungu ambariki, akapiga magoti naye, akazima ile taa, akapiga. Picha nne. Tulifika saa tatu, tukatoka saa sita kasoro. Na fomu yenyewe hatujaanza kuijaza.

Ndiyo, ni picha ya pasipoti tu.

Baada ya hapo kuna cheti cha kuzaliwa, ambamo jina la mama lina l mahali ambapo kitambulisho kina r, kwa sababu karani wa siku ile aliandika alivyosikia. Kuna hospitali iliyoidhinishwa kufanya tathmini, ambayo kamati yake haiketi kila siku, na ukifika siku isiyo yake unarudi na mtoto mgongoni. Kuna boda boda mbili kwenda na mbili kurudi. Kuna mlinzi wa lango. Halafu, baada ya kadi kutoka, kuna huzuni ambayo hakuna aliyemwandaa mama nayo: kadi si pesa. Wengi wetu tulidhani ukiandikishwa kwenye Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, basi zile 2,000 za mwezi za Inua Jamii zinafuata zenyewe. Hazifuati. Zile zimewekewa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali, anayehitaji mlezi usiku na mchana, na orodha yake ina mlango wake: afisa wa maendeleo ya jamii, chifu, ukaguzi wa nyumba. Mama asipojua kuna milango miwili atangoja miaka nje ya mmoja akidhani amesahauliwa na Mungu.

Siba hakufa, wapendwa. Anakaa nje ya ofisi na kalamu sikioni. Anajua jina la karani, atakuharakishia, toa kitu kidogo. Anajaza fomu ambayo haiuzwi na kukuuzia. Siba mwingine hana hata nia mbaya. Ana haraka tu. Mama mwingine wa kanisa letu alikwenda kwa kijana wa saiba amsajili SHA kwenye simu. Maswali ni ya nyumba: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mnapikia nini, choo ni cha aina gani, mna mifugo mingapi. Kijana hakumuuliza hata moja. Akabonyeza, akabonyeza, akamwambia tayari mama, lete hamsini. Hesabu iliyotoka ilikuwa ya mwenye duka. Tulipoketi naye kuyapitia maswali upya tuligundua jambo moja la kweli katika yale yote: paa ni la mabati. Ni mabati ya kanisa, tuliyompa sisi wenyewe baada ya mvua kubwa, tukapigwa picha tukiyashusha kwenye lori. Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka.

Basi mfundisheni mama mambo haya, na kabla ya kumfundisha yajueni ninyi. Aliyejisajili SHA anatibiwa zahanati na kituo cha afya bila kulipa, hata kama mchango wa mwaka haujakamilika. Anayekimbilia hospitali kubwa kwa kila homa hajaambiwa hilo. Akinyimwa kitu ofisini, asiondoke na neno la mdomo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 47, inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapomdhuru. Kwa maandishi! Nimeona karani aliyekuwa simba akawa kondoo kwa kuombwa karatasi. Na akitaka kujua faili la mwanawe limekwama wapi, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu aulize kwa barua ya Kiswahili, ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21, na asiyejua kuandika lazima asaidiwe na afisa wa palepale. Wasipojibu, kuna Ombudsman. Daudi alikosea kwa sababu hakuna aliyemwambia, Mfalme, sikia na upande wa pili. Sisi tunayo sheria inayosema hivyohivyo, na tumeiacha kwenye rafu.

Najua mtakachoniambia, maana mzee mmoja wa kanisa ameshaniambia kwenye kikao. Mchungaji, hayo ni mambo ya serikali; kazi yetu ni roho. Mzee wangu, nakuheshimu, umenizidi umri na umenizidi kufunga. Lakini mwana wako alipotaka kujiunga na jeshi, nani aliandika barua ya mapendekezo kwa wino wa kanisa? Diwani alipotaka kura, nani alimpa kipaza sauti? Roho yetu huwa inajua sana njia ya ofisini pale mkubwa anapokuwa na haja. Inapotea njia ikiongozana na mama mwenye mtoto anayedondosha mate. Wale wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza hadi nyumba aliyokuwamo Yesu, wakakuta mlango umejaa, hawakusimama nje wakaanza ibada ya sifa. Walipanda juu wakaitoboa dari ya mtu. Na Andiko linasema Bwana aliiona imani yao. Yao, wale wenye vumbi la udongo kwenye nywele.

Kina baba, nawapitia haraka kwa sababu nina hasira. Mnakuja kuniuliza kwa faragha kama kweli mtoto ni wenu. Mtoto ni wako. Mama yake amekuwa akimbeba hadi uti wa mgongo umejikunja, na wewe umehamia Mtwapa. Kitambulisho chako kinahitajika kwenye cheti cha kuzaliwa. Kilete, hata kama wewe mwenyewe hutaki kuja.

Na walimu, nanyi ninawahitaji kuliko mnavyojua. Wengi humu mnafundisha shule za msingi, na mtoto anapokuja hawezi kushika penseli, mnamwambia mama ampeleke "shule yake". Ipi? Mwandikie jina la kituo cha tathmini na siku zake za kazi kwenye kipande cha karatasi. Mwaka 2018 Wizara yenyewe ilitoa sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, inayotaka wasome pamoja na wenzao pale inapowezekana. Iko wazi, isomeni katika mkutano wenu mmoja badala ya kuzungumzia sare.

Kuna mtu mmoja katika habari hii ambaye hatumhubiri kamwe. Makiri mwana wa Amieli, wa Lo-debari. Kabla mfalme hajauliza kama kuna aliyesalia wa nyumba ya Sauli, kabla ya meza, kabla ya mashamba, Mefiboshethi alikuwa akiishi nyumbani kwa Makiri. Hakuna mpango wa serikali, hakuna kadi. Mtu tu mwenye nyumba. Kisha Daudi anapokimbia na kufika Mahanaimu akiwa na njaa, nani anatokea miongoni mwa waliomletea vitanda, mabakuli, ngano na dengu? Makiri yuleyule. Aliyemtunza mtoto wa watu bila posho ndiye aliyemlisha mfalme aliyepoteza kiti. Mimi nikifika mbinguni, baada ya Bwana na mama yangu, nitamwomba Makiri anikaribishe uji.

Ila Makiri naye, naona, hakuwapo siku ile ya punda. Alikuwa Lo-debari, mbali. Mtu mwema akiwa mbali hatoshi. Anatakiwa aliye jirani, anayejua Jumanne saa ngapi lango linafunguliwa.

Kwa hiyo sikilizeni, na wanaosoma gazeti hili la kanisa kwa majirani wasiojua kusoma, wawasomee sehemu hii polepole. Jumanne ijayo kamati ya tathmini inaketi hospitali ya kaunti ndogo. Tumehesabu watoto kumi na mmoja katika mitaa yetu mitatu ambao hawajapimwa, na wanne kati yao tumewajua kwa kugonga milango tu, kwa sababu hawajawahi kutolewa nje mchana. Tunakutana uwanja wa kanisa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mleteni mtoto, cheti cha kuzaliwa au hata kadi ya kliniki aliyozaliwa nayo, kitambulisho cha mzazi, na picha kama mmeipata. Asiyeipata, yule mpiga picha wa studio ameahidi kuja uwanjani na kamera isiyo na taa. Mwalimu mkuu mstaafu atakuwa na meza, stepla na bahasha za kaki, atasoma kila jina herufi kwa herufi kabla hatujaondoka. Kina mama wa Jumuiya watapika uji wa mtama, wa kuingia kwenye chupa, maana tutakaa huko hadi jioni. Vijana wa kwaya, wawili kwa kila familia: mmoja wa kushika foleni, mmoja wa kumshika mtoto ili mama aweze japo kwenda msalani. Msiende na fulana za kanisa. Hatuendi kupigwa picha.

Alhamisi jioni tunakaa ukumbini na simu zetu, nyumba kwa nyumba, tunapitia yale maswali ya SHA, na mwenye mabati ya kanisa aseme ni ya kanisa.

Yule kijana wangu wa vifuniko vya soda ana miaka kumi na tatu sasa. Atakuwapo Jumanne, si kupimwa, alishapimwa. Anakuja na mama yake kuwaonesha wengine chumba kilipo, kwa kuwa yeye hasahau njia aliyopita mara moja. Ana maneno kama ishirini. Akinipita kanisani hunigusa mkono mara mbili, sijui kwa nini, nami sijastahili hata mara moja.

Tunahitaji gari moja na pikipiki tatu. Gari limepatikana. Pikipiki mbili zimepatikana. Ya tatu bado.